Meli Iliyozama Mara Mbili

Mwishoni mwa Julai 1916, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, mafundi wa Kijerumani walikuwa wakiipaka grisi meli waliyokuwa wameamriwa kuizamisha. Waliipaka kwa unene, kiungo kwa kiungo, wakiziba kila tundu ambalo maji yangeweza kupenya hadi kwenye injini. Kisha wakaijaza mchanga ili ikalie tumbo lake vizuri huko chini, wakayaruhusu maji kuingia, na tarehe 26 Julai meli kubwa kuliko zote ziwani ikadidimia taratibu.

Siku mbili baadaye askari wa Kibelgiji waliingia Kigoma.

Jeshi linaloondoka kwa kawaida hulipua kile lisichoweza kukibeba, ili adui asikute cha maana. Mafundi hawa hawakulipua. Walikuwa wameiunganisha meli hiyo kwa mikono yao mwaka mmoja tu uliopita, na waliihifadhi kama mtu anayefunga nyumba huku akitumaini kurudi. Wao hawakurudi kuitumia. Lakini grisi ile ilifanya kazi yake, na kwa sababu hiyo vizazi vya watu wa Kigoma, Karema, Kipili, Kasanga na Mpulungu vimesafiri, vimefanya biashara na hata kuzaliwa ndani ya chombo ambacho leo kila mtu wa ziwani anakijua kwa jina moja: Liemba.

Kisa chake kinaanzia mbali sana na Kigoma. Katika mji wa Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani, kuna kiwanda cha meli cha Meyer kilichoanzishwa mwaka 1795, na ambacho siku hizi hutengeneza yale majengo yanayoelea ya kubebea watalii. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilipokea kazi ya ajabu: kutengeneza meli ya mvuke yenye urefu wa mita 71 hivi kwa ajili ya ziwa ambalo hakuna meli inayoweza kulifikia kwa maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, na ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Hata hivyo njia yake ya kutokea ni mto Lukuga, na Lukuga haupitiki kwa meli. Kitu chochote kikubwa kinachoelea juu ya ziwa hili ama kimeundwa ufukweni, ama kimeletwa kwa vipande.

Basi meli iliungwa kiwandani kwa muda ili kuhakikisha vipande vinaingiana, ikafumuliwa tena, kila kipande kikapigwa namba, na vyote vikafungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakasafiri kwa bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo yakapanda treni ya Reli ya Kati, safari ya kilomita zaidi ya 1,200 kupitia Morogoro, Dodoma na Tabora hadi Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa mbichi. Ilikuwa imefika ufukweni Februari 1914, miezi sita tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Anayeitazama reli hiyo kwenye ramani anaiona njia ya zamani zaidi chini yake. Kwa miongo mingi kabla ya chuma kulazwa, misafara ilipita humo humo kati ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Katika njia hiyo walipita pia watumwa, na hilo halifai kuachwa pembeni kwa ajili ya kupendezesha hadithi. Hata meli ndogo ya Kijerumani iliyoitangulia ziwani, Hedwig von Wissmann, ilifikishwa kwa vipande enzi ambayo bega la mpagazi ndilo lililokuwa gari. Reli ilipokuja, bega lilipumzika kidogo tu, kwani reli nayo ilichimbwa na kulazwa kwa nguvu za maelfu ya vibarua.

Kutoka Papenburg walitumwa watu watatu kuisimika meli: Anton Rüter, aliyekuwa msimamizi, pamoja na Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yako vitabuni na katika makumbusho ya mji wao. Lakini watu watatu hawawezi kuunda meli ya mita 71. Kazi ilifanywa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, katika chelezo iliyojengwa kwenye ufukwe wa Kigoma ambako hapakuwahi kuundwa chombo cha chuma cha ukubwa huo.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Bati moja la chuma liliungwa na jingine kwa ribiti, yaani misumari minene isiyo na ncha, yenye kichwa upande mmoja. Mtu wa kwanza huchoma ribiti kwenye makaa hadi iwe nyekundu kama pilipili iliyoiva. Wa pili huidaka kwa koleo na kuipenyeza kwenye tundu kabla haijapoa. Wa tatu huegemeza chuma kizito nyuma ya kichwa cha ribiti, na wa nne, upande wa pili wa bati, huipiga nyundo mpaka mwisho wake ubonyee na kuwa kichwa kingine. Ribiti ikipoa hujikaza yenyewe na kuyabana mabati mawili kiasi kwamba maji hayapati pa kupita. Ikipoa kabla ya kupigwa, inang'olewa na kazi inaanza upya. Sasa kazi hiyo irudiwe maelfu kwa maelfu ya mara, chini ya jua la Kigoma, kando ya makaa, kwa watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuona meli ya chuma ikizaliwa. Mabati yaliyoungwa na mikono hiyo yamekaa majini zaidi ya miaka mia moja. Hakuna cheti cha ufundi kinachoweza kusema zaidi ya hapo.

Vita vilizuka Agosti 1914 kazi ikiwa katikati. Haikusimama. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini na kupewa jina la Graf von Götzen.

Jina hilo linahitaji maelezo, maana wengi wanaolitaja hulipita kama jina lolote la kizungu. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Alivuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi mwaka 1893 na 1894 akipitia Rwanda, na safari hiyo ndiyo iliyompa sifa kwao. Huku kwetu anakumbukwa kwa jambo jingine. Wakati wa utawala wake ndipo Vita vya Maji Maji vilipopiganwa, na ndipo majeshi ya serikali yake yalipochoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi hadi njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Miaka minane tu baada ya moto huo kuzimika, wana wa nchi ile ile waligonga ribiti za meli yenye jina lake.

Mwanzoni mwa vita ziwa lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Hedwig von Wissmann ilikuwa imekwisha kuishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga mnamo Agosti 1914. Pamoja na chombo kingine kidogo kilichoitwa Kingani, ilizunguka ziwani ikipeleka askari inakotaka. Ilipoongezeka Götzen mizani ikaelemea upande mmoja kabisa. Meli moja sasa iliweza kupakia mamia ya askari na mizigo yao na kuwashusha upande wowote wa ziwa katika muda ambao jeshi la nchi kavu lingekuwa bado linatafuta njia milimani. Tena ilifungwa mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915 baada ya kuzingirwa na Waingereza kwa miezi mingi. Chombo cha baharini kilikufa Rufiji, mzinga wake ukapanda treni kwenda ziwani.

Waingereza walijibu kwa mpango ambao ukisimuliwa leo kijiweni msikilizaji atadhani umetiwa chumvi. Mwindaji mmoja aliyeitwa John Lee, aliyeijua nchi ya ziwani, alifika London Aprili 1915 na kuwaeleza wakuu wa jeshi la majini kwamba boti ndogo zenye mwendo wa kasi zinaweza kuishinda meli kubwa, mradi zifikishwe ziwani. Wakuu wakakubali. Boti mbili za mbao, kila moja ya mita 12 hivi, zikaandaliwa. Kiongozi aliyeteuliwa, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakayakataa majina hayo. Akarudi na mengine mawili, Mimi na Toutou, nayo yakapita bila swali. Katika Kifaransa cha watoto wa Paris ni majina ya paka na mbwa vile vile. Kwa watu wa mwambao wa Tanganyika, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya biashara tangu enzi za misafara, ilikuwa ni boti iliyoandikwa ubavuni neno wanalolitumia kila siku kujitaja wenyewe.

Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town. Kutoka hapo zikapanda treni kwenda kaskazini hadi Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, na reli ilipoishia Fungurume safari ya kweli ikaanza. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba. Boti zilifungwa juu ya magari ya magurudumu na kukokotwa na mitambo miwili ya mvuke ikisaidiwa na makundi ya maksai. Miti ilikatwa, mawe yakavunjwa, na madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa magogo juu ya makorongo. Mitambo ya mvuke ina kiu kama ng'ombe, na nchi ile wakati wa kiangazi haikuwa na maji ya kutosha. Wanawake wa vijiji vya jirani walipanga mstari wakabeba maji kichwani kutoka mbali ili mitambo ipate kunywa. Katika simulizi nyingi za Kizungu za safari hii wanawake hao hupewa sentensi moja. Bila maji yao, Mimi na Toutou zingekauka milimani na mbao zake zikapasuka.

Baada ya milima ilikuja reli fupi, kisha mto Lualaba, kisha reli nyingine, na mwishoni mwa Oktoba boti zilifika karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie.

Spicer-Simson mwenyewe alikuwa mtu wa vituko. Alikuwa na michoro ya nyoka mwilini na alipenda kuvaa kitu kama sketi alichokibuni mwenyewe, akidai kwamba kinafaa kwa joto. Wenyeji, Waholoholo, walimpa jina la Bwana Chifunga-tumbo. Wageni wengi waliopita Afrika Mashariki waliandika vitabu vizima juu ya wenyeji. Wenyeji wao walimaliza kwa jina moja la utani, na jina likadumu kuliko vitabu.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikaribia ufukwe kupeleleza. Mimi na Toutou zikaifuata kwa nyuma, mahali ambapo mzinga wake haukuweza kuelekezwa. Afisa aliyeiongoza aliuawa na meli ikasalimu amri. Ikatengenezwa, ikapewa jina la Fifi, ikaingia kwenye kundi lile lile la majina ya vipenzi vya nyumbani. Februari iliyofuata, tarehe 9, Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake aliyepotea, nayo ikazamishwa. Ikabaki Götzen peke yake. Ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, Spicer-Simson aliitazama kwa darubini na kukataa kuishambulia. Watu wake waliliona jambo hilo kama aibu, lakini hakuna aliyemlazimisha.

Kwa hiyo meli ile haikuwahi kushindwa vitani majini. Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, nazo kwa vipande, zikaungwa upande wa Kongo na kuanza kudondosha mabomu Kigoma mwezi Juni 1916. Mzinga wa Königsberg ulikuwa umekwisha kung'olewa na kupelekwa vita vya nchi kavu. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakishuka kutoka Rwanda na Burundi, Waingereza wakipanda kutoka kusini, na reli iliyoileta meli ilikuwa karibu kukatwa. Ndipo ikatolewa amri ya kuizamisha, na ndipo mafundi wakachukua ndoo za grisi.

Wabelgiji waliiibua mwaka 1918 na kuikokota hadi bandarini Kigoma. Mwaka 1920 dhoruba ikaipiga ikiwa imefungwa, ikazama kwa mara ya pili. Mtu asiyelijua Ziwa Tanganyika anaweza kushangaa dhoruba ya ziwa kuangusha meli ya ukubwa ule. Wavuvi wa Kigoma hawawezi kushangaa. Upepo wa kusini, wanaolijua ziwa wanauita kusi, ukikaza katika miezi ya kiangazi huinua mawimbi ambayo mtu wa bahari angeyaheshimu.

Wakati huo ramani nayo ilikuwa inachorwa upya. Wabelgiji walikabidhi Kigoma kwa Waingereza mwaka 1921, wakabaki na Rwanda na Burundi, lakini hawakuondoka kabisa. Kwa mkataba wa mwaka huo walipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili shehena za Kongo na Burundi zipate njia ya baharini.

Waingereza nao waliitaka meli. Tarehe 16 Machi 1924 iliibuka tena, imefunikwa tope, na ilipofunguliwa ndipo watu wakaona kazi ya grisi. Miaka karibu minane tangu izamishwe, injini na mabwela yalikuwa bado yanafaa. Ilisafishwa, ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Jina la Götzen halikurudi nayo. Ilipewa jina ambalo David Livingstone aliliandika alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867 na kusikia wenyeji wakiliita: Liemba. Hivyo meli iliyozaliwa na jina la gavana aliyechoma nchi ilifufuka na jina la maji yenyewe, kwa kinywa cha watu waliokuwa wakiyanywa.

Huko nje kisa hiki kinajulikana zaidi kwa njia ya sinema. Mwaka 1935 mwandishi C. S. Forester alichapisha riwaya iitwayo The African Queen, ambamo mwanamume mmoja na dada wa mmisionari wanapanga kuizamisha meli ya Kijerumani ziwani, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu wakicheza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Meli ya kubuni ilizama mwishoni mwa hadithi na watazamaji wakarudi makwao. Ya kweli ilikuwa ikipakia dagaa Kipili.

Na hapa ndipo historia yenyewe ya Liemba inapoanza, ingawa vitabu vingi vya vita huishia hapa. Kwa vita ilitumika mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa watu ilitumika miongo tisa.

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika una milima inayoshuka moja kwa moja majini. Vijiji vingi havikuwa na barabara ya gari kwa karibu karne nzima ya ishirini, na vingine havina mpaka sasa. Mgonjwa, mwalimu mpya, mfuko wa saruji, barua ya posa, maiti inayorudishwa kwao, vyote vilisubiri meli. Ilitoka Kigoma kwenda kusini hadi Mpulungu nchini Zambia na kurudi, ikisimama mahali pengi njiani. Kati ya vituo hivyo, vyenye gati vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Kwingine kote meli haikuweza kukaribia.

Basi ilikuwa hivi. Usiku wa manane, king'ora kinalia kutoka gizani. Ufukweni taa zinaanza kutembea. Kabla nanga haijagusa chini, mitumbwi na maboti ya mbao yamekwisha kuondoka, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza ubavuni. Mlango wa pembeni wa meli unafunguliwa na mwanga unamwagika juu ya maji. Hapo magunia ya dagaa wakavu yanarushwa ndani, madumu ya mawese yanapokewa, mananasi na mihogo inapita mikononi mwa watu. Wanaoshuka wanakutana mlangoni na wanaopanda. Mama mmoja anamkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua, anasubiri wimbi liinue boti, kisha anaruka, na anarudishiwa mtoto wake. Makarani wa mizigo wanapiga kelele, vijana wa boti wanadai nauli, mbuzi analia. Baada ya saa moja au mbili king'ora kinalia tena, maboti yanaachia kamba, na kijiji kinarudi gizani kikiwa na chumvi, sukari, sabuni na habari.

Dagaa hao ndio waliokuwa mzigo mkuu wa kurudi. Huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu, na kutoka ufukwe wa Kigoma zikiwaka zote huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Asubuhi huanikwa mchangani. Kwa Liemba walifika Kigoma, kwa treni walifika Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na mpaka leo akina mama wa sokoni wakisema "dagaa wa Kigoma" wanasema kwa sauti ya kupandisha bei.

Injini za mvuke zilifanya kazi hadi miaka ya 1970 ndipo zikatolewa na kuwekwa za dizeli. Umbo la chuma lilibaki lile lile la mwaka 1915.

Mara mbili katika uzee wake meli hii ilibeba uzito ambao hakuna mhandisi wa Papenburg aliyeukadiria. Mwaka 1997, baada ya Rais Mobutu wa Zaire, ambayo leo ni Kongo, kuanguka, ilishirikiana na meli nyingine, MV Mwongozo, kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wamevuka ziwa kukimbia vita. Kwa muda wa miezi mitano walirudishwa watu zaidi ya 75,000. Kisha ikaja Mei 2015. Machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mpakani, kilichobanwa kati ya mlima mkali na maji. Hapakuwa na barabara. Watu walilala mchangani wamesongamana, maji ya kunywa yakawa ndiyo hayo hayo ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi Liemba. Meli ilisimama mbali kidogo na ufukwe kama ilivyozoea, maboti ya wavuvi yakaleta watu ubavuni, na watu wapatao 600 wakapanda kwa kila safari kwenda Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kwa mabasi kambi ya Nyarugusu. Namna ya kupandisha watu bila gati, ambayo wasafiri wa Ulaya waliisimulia kama kioja cha utalii, ndiyo iliyookoa roho Kagunga. Vijana wa maboti waliijua kazi hiyo tangu utoto.

Mwaka 2018 Liemba ilisimamishwa kwa ajili ya matengenezo makubwa. Kusimama kwake kulihisiwa kila mahali mwambaoni. Mizigo ilihamia kwenye maboti ya mbao yanayojaza kupita kiasi, na katika ziwa la kusi hilo ni jambo la hatari. Serikali ya Tanzania imechagua kuikarabati badala ya kuikata chuma chakavu, na uamuzi huo ni sahihi. Watu wa Karema na Kirando wanaihitaji kama meli inayotembea, yenye ratiba, na si kama sanamu ya kupigiwa picha bandarini.

Kuna kazi nyingine ya matengenezo isiyohitaji chelezo. Katika familia za Kigoma, Ujiji, Kalemie na Mpulungu wapo wazee ambao baba au babu zao waligonga ribiti za meli hii, walilisha makaa na kuni kwenye tanuri zake, walizamia tope kuifunga minyororo mwaka 1924, au walikuwa manahodha na makuli wake katika miaka ya Tanganyika na ya uhuru. Majina matatu ya Papenburg yamehifadhiwa vizuri. Ya kwetu yako vinywani mwa watu waliovuka miaka themanini. Kama yuko mzee wa namna hiyo nyumbani kwako, kaa naye wiki hii na kalamu, umuulize babu yake aliitwa nani na alifanya kazi gani kwenye meli, na uandike.